Jina la Kariakoo halikutoka sokoni, wala haikuwa kambi ya askari

Kila unaposikia historia ya Dar es Salaam ikisimuliwa, hasa na vijana wanaotembeza wageni, Kariakoo inatajwa kuwa "kambi ya zamani ya askari wa Kiingereza". Halafu msimulizi anaongeza kwa kicheko kwamba wenyeji walishindwa kutamka Kiingereza, ndiyo maana jina likaharibika. Yote mawili si kweli.

Kwa kifupi, Kariakoo ni "Carrier Corps", kikosi cha wapagazi waliolibebea mizigo jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Waingereza waliingia Dar es Salaam Septemba 1916, wakawaweka wapagazi hao kwenye eneo ambalo Wajerumani walikuwa wameanza kulipimia viwanja vya Waafrika, ng'ambo ya Mnazi Mmoja. Vita vikaisha, kambi ikavunjwa, jina likabaki.

Hilo la kuharibika jina ndilo linaloudhi zaidi. Katika neno "corps" Mwingereza hatamki p wala s, na hiyo r yenyewe anaimeza. Kinachofika sikioni ni "koo". Kwa hiyo mpagazi aliyesema Kariakoo alikuwa amesikia sawasawa kabisa. Ambaye angekosea ni msomi wa kulisoma kwenye karatasi akatoka na "kopsi". Nairobi wao, kwenye mtaa wao wa jina hilohilo, waliishia kuandika Kariokor, nusu sikio nusu karatasi, lakini asili ni hiyohiyo.

Sasa askari na mpagazi. Askari alipewa bunduki na sare. Mpagazi alipewa mzigo wa ratili 50 au 60, akaufuata mstari wa mbele kwa miguu, kwa sababu mbung'o waliwamaliza punda na farasi na barabara za magari zilikuwa chache. Wengi hawakujitolea, walikamatwa vijijini kupitia machifu. Posho ilikuwa unga, na safari ikiwa ndefu kuni na muda wa kuuivisha vizuri havikupatikana, wakala uji nusu mbichi hadi matumbo yakaharibika. Kuhara damu, malaria na homa ya mapafu viliua wengi kuliko risasi. Hesabu za Waingereza wenyewe zinataja wapagazi zaidi ya 90,000 waliokufa, na mishahara ya wengi wao haikuwafikia warithi.

Tofauti hii unaweza kuiona kwa macho. Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, ya mwaka 1927, ni mtu mmoja tu, na bunduki yake yenye singe imeelekea bandarini. Wapagazi wametajwa kwenye maandishi ya chini, wakiitwa miguu na mikono ya jeshi. Nairobi, pale Kenyatta Avenue, mpagazi naye kasimamishwa pamoja na wenye silaha. Huku kwetu alichopata ni mtaa.

Na soko? Lilikuja baadaye, 1923, likaingia kwenye banda walilolijenga Wajerumani kabla ya vita. Jengo la sasa, lililochorwa na msanifu Beda Amuli, ni la miaka ya 1970. Kati ya vita vikuu viwili vya dunia Kariakoo ilikuwa kwanza mahali pa kuishi: nyumba ya ukumbi katikati, vyumba kulia na kushoto, uani jiko na choo, mwenye nyumba chumba cha mbele na wapangaji vingine. Ukingoni mwake, New Street, ambayo leo ni Lumumba, ndipo African Association, chama cha Waafrika kilichotangulia TANU, iliyoanzishwa 1929 ilipokuwa na ofisi yake, na ndipo TANU ilipozaliwa 1954.

Kwa hiyo ndugu mtembeza wageni, endelea na kazi yako, simulizi lako ni zuri. Ila ukifika Msimbazi, hapo Kariakoo, sema wapagazi. Hao askari waonyeshe kule mjini.