Kikundi cha miti ya asili: mambo tunaambiwa pale getini na venye yako kweli

Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi tukiwa tumekusanyika getini na majembe na chupa za chai, lazima mtu asimame atuulize swali, na mara nyingi swali lenyewe limekuja na jibu lake la uongo ndani. Niko na hiki kikundi cha mtaa wetu hapa Nairobi mwaka wa sita sasa, tuko kama ishirini hivi, siku ya baridi tunabaki saba, na nimechoka kujibu mtu mmoja mmoja. Wacha niandike yote mara moja, usome ukiwa kwa matatu.

"Nyinyi si ndio wale wa kupanda miti?"

Hapana bwana. Yaani tunapanda, lakini ukihesabu siku, kupanda ni siku mbili kwa mwaka, moja mvua ya Aprili ikishashika na nyingine Novemba, siku zingine zote ni kung'oa. Adui mkubwa ni lantana, ile ya vimaua vidogo vya waridi na manjano ambayo watu wanaionea urembo mpaka wanaipanda ua. Ilitoka Amerika huko, ndege wanakula vile vitunda vyake vyeusi wanaenda kuviangusha kila mahali, na ikishajifunga inakuwa kama blanketi, chini yake hakuna kitu kinaona jua. Ukiifyeka na panga tu umeisaidia, itachipuka kwa hasira, inabidi uchimbe lile shina na mizizi yake itoke yote alafu uigeuze juu chini ikauke. Matawi yana miiba midogo inayoshika sweta, majani yanakwaruza kama msasa, na ile harufu utakaa nayo mpaka Jumatatu kazini watu wakuulize ulilala wapi.

Sasa kwa nini tunajisumbua? Mwaka juzi tulifungua kipande kama cha ukubwa wa sebule mbili na hatukupanda kitu hapo, hata mti mmoja, manake pesa ya miche ilikuwa imeisha. Mvua ikanyesha. Mwezi wa sita nimepita hapo nikaona vimche vya urefu wa kidole, nikapiga magoti nikageuza jani, chini linang'aa rangi ya fedha, nikalisugua nikanusa, nikajua ni mukinduri, ule wengine wanaita kroton. Nikaanza kuhesabu nimelala kifudifudi kama mtoto. Shosho mmoja anayeuza ndizi hapo nje akanikuta, akaniuliza, "Kijana wangu, umepoteza nini?" Nikamwambia, "Nahesabu miti, shosho, nimefika kumi na saba." Akainama akaangalia vizuri, akaniambia ya kumi na nane nimeikanyaga.

Hiyo miche hakuna mtu aliileta. Mama zao wako hapo karibu, mbegu zilikuwa zinaingia miaka yote ila zilikuwa zinakosa mwanga. Sitaki ufikiri inakuwa hivyo kila mahali, mahali palipokaa mikaratusi miongo na hakuna msitu wa asili jirani utangoja sana, hapo lazima upande kwa mkono, ndio maana pale msitu wa Karura mikaratusi inatolewa kipande kwa kipande na miche ya asili inawekwa. Lakini kwanza unafungua, unaangalia ni nini kinakuja, ndio unaamua.

"Si serikali imeshasema mabilioni, nyinyi mnafanya nini cha ziada?"

Desemba 2022 serikali ilizindua mpango wa miti bilioni 15 ifikapo 2032, na tarehe 13 Novemba 2023 tukapewa hadi siku ya mapumziko kitaifa twende tukapande. Mimi sina ubaya na hilo, nilienda pia. Shida ni venye watu wanahesabu: mche ukiingia kwa shimo, mti mmoja tayari umeandikwa. Mche na mti ni vitu viwili.

Kuna kampuni fulani ilikuja kwetu na bango kubwa na tisheti mpya, wakapanda kwa dakika arubaini, wakapiga picha, wakaenda. Watu wazuri kabisa, walileta hata soda. Februari, jua kali, tukaenda na mitungi ya maji tukaona miche imekauka safu nzima, nikavuta mmoja ukatoka na ile karatasi nyeusi ya nasari, haikuwa imetolewa. Tukavuta wa pili, karatasi. Wa tatu, karatasi. Mizizi ilikuwa imezunguka ndani kama waya wa kusugulia sufuria. Makosa ni yetu pia, tulikuwa getini tunapokea wageni badala ya kusimama nao kwa shimo. Siku hizi mgeni haruhusiwi kushika mche kabla hajaonyeshwa kuchana karatasi, na ile karatasi anaiweka mfukoni anatuletea, tunahesabu makaratasi mwisho wa siku kama konda anavyohesabu nauli. Miche mia, makaratasi mia. Ikipungua moja tunarudi kutafuta.

"Mwarobaini ni wetu, mkwaju ni wa Wahindi"

Hii ndio napenda kuliko zote kwa sababu iko kinyume kabisa. Mwarobaini umetoka Bara Hindi na pande za karibu na huko, tumeupokea tukaupa jina la magonjwa arobaini, kule Pwani wakauita mkilifi, na umezoeleka hadi mtu anakasirika ukimwambia si wa hapa. Mkwaju nao, ambao jina lake la kisayansi lina neno indica, na hata jina la Kiingereza linatokana na Kiarabu cha "tende ya Kihindi", ni mti wa Afrika. Ulivuka bahari zamani sana ukapendwa huko kwenye mapishi mpaka waliouandika wakadhani umezaliwa huko. Kwa hivyo mkwaju ndio wa nyumbani, mwarobaini ndio mgeni.

Endelea kushangaa: jakaranda zinazofanya Nairobi iwe zambarau kila Oktoba zimetoka Amerika Kusini. Bogenvilia, hivyo hivyo. Mgrevilea wa mpaka wa shamba la babu yako, Australia. Saiprasi ya ua wa shule, Meksiko. Na ile Arboretum, bustani ya miti tunaendea pikiniki, ilianzishwa 1907 kujaribu miti inayokua haraka, nyingi ya kigeni, manake reli ilikuwa inakula kuni. Watu waliojikusanya kuitunza walianza 1993, na ni mahali pazuri sana pa kujifunzia, ya kwetu na ya kigeni inasimama pamoja unalinganisha majani.

"Kwa hivyo mnachukia kila kitu cha kigeni"

Mimi nakula ugali kila siku na mahindi yametoka Meksiko. Embe? Asia. Hakuna mtu anang'oa mwembe wa mtu. Mgeni anayekaa pale ulipompanda hana shida na sisi, shida ni yule anayevuka ua anakuja kuchukua nyumba. Ukitaka kuelewa hiyo tofauti nenda Baringo uulize kuhusu ule mti wa mathenge. Ililetwa kwa nia nzuri tu, izuie jangwa na watu wapate kuni, ikashika malisho na njia za maji, na zile ganda zake tamu zikaharibu meno ya mbuzi. Mwaka 2006 wakazi waliipeleka serikali kortini na wakabeba mbuzi asiye na meno kama ushahidi. Watu wanacheka wakisikia, lakini ukiwa mfugaji na mifugo yako haiwezi kutafuna hucheki.

"Miti ya asili inakua polepole, labda wajukuu ndio wataiona"

Inategemea unaongea kuhusu gani. Podo na mutarakwa ndio, hizo zina subira yake. Lakini mukinduri, muringa, na ule mwingine Wajaluo wanaita siala, pamoja na mgunga wa shina la manjano unaopenda maji, hizo zinakimbia ukizipa mvua mbili za kwanza bila kukatwa na mbuzi. Tuna mukinduri mmoja wa miaka mitatu sasa, mimi ni mrefu na umeshanipita. Kosa la watu wengi ni kuchukua mti unaopenda kivuli cha wakubwa wake wanauanika katikati ya uwanja, ukidumaa wanasema si unaona, asili ni polepole. Anza na wale wa jua, wakishatoa kivuli ndio uingize wale wengine chini yao, msitu wenyewe ndio hujipanga hivyo.

Na si kila uwanja wazi unalia mti. Nyasi ndefu unazoona Athi ni makao ya vitu vyake, kuna ndege na maua madogo ambayo ukijaza miti yanaondoka. Mwezi wa tano tunaenda kuangalia nyasi tu, watu wanadhani tumechanganyikiwa.

"Hiyo ni hobi ya wazungu wastaafu wenye kofia"

Kofia tunavaa, jua ni kali. Ukweli ni kwamba chama cha historia ya asili cha Afrika Mashariki, ambacho leo tunakiita Nature Kenya, kilianzishwa 1909 na walikuwa wakoloni na wamisionari, hilo silifichi. Lakini 1977 ni wanawake wa vijijini waliobeba miche na Wangari Maathai, na Januari 1999 alipigwa hapo hapo Karura akitaka kupanda mti kwenye ardhi iliyokuwa imenyakuliwa. Sheria ya misitu ya 2005 ndio ikaruhusu jamii kuunda vyama na kusimamia msitu pamoja na serikali. Kwetu sisi kuna fundi wa pikipiki, mwalimu wa nasari, wanafunzi wawili wa chuo, na yule shosho wa ndizi ambaye sasa anatusahihisha majina.

Majina ni kizaazaa. Mti mmoja, Mkikuyu anaita muu, Mjaluo siala, Mluhya lusiola, na tunaweza kubishana dakika kumi kumbe tunaongea juu ya kitu kimoja. Hapo ndio Kilatini kinasaidia, Markhamia lutea, basi, ubishi umeisha. Ingawa hata hao wa Kilatini hubishana, migunga yetu yote ilikuwa Acacia, mkutano wa wataalamu wa mimea Vienna 2005 ukawaachia Waaustralia hilo jina, ya kwetu ikawa Vachellia na Senegalia. Kuna mzee kwa kikundi hajasamehe mpaka leo.

"Ni dawa, na ni ya porini, kwa hivyo ni ya bure"

Muthiga ukitafuna gome lake koo linawaka na kikohozi kinatulia, wengi tumelelewa nalo. Lakini ukibandua gome kuzunguka shina lote mti unakufa, chakula hakishuki tena kwenda mizizi. Kila mwezi tunakuta mmoja amevuliwa hivyo. Tunachowaambia watu ni kwamba majani nayo yana ule ukali, chuma majani. Mueri ulivunwa gome kwa dawa ya tezi dume inayouzwa Ulaya mpaka 1995 biashara yake ya kimataifa ikawekwa chini ya kibali. Mishubiri ya porini pia, kuvuna ovyo kulipigwa marufuku Kenya tangu 1986, kwa hivyo ule unaochimbwa usiku ukauzwe barabarani kwa karai si biashara ndogo ya kuonea huruma. Aloe vera yenyewe ya kwa shampuu wala si ya kwetu, asili yake ni Uarabuni.

"Maua ya kwetu hayana urembo"

Kuna ua dogo la zambarau lenye majani ya manyoya, African violet, linalokaa kwa dirisha la mabibi wazee Ulaya na Marekani. Mjerumani mmoja, baron Walter von Saint Paul-Illaire, alilikuta upande wa Tanga 1892 akatuma kwao, likaenda dunia nzima. Mababu zake bado wako kwenye mawe yenye kivuli Usambara, na kuna aina moja iko msitu wa Mbololo kule Taita peke yake, haipo kwingine. Ukitaka maua ya kwetu nunua kwa nasari inayootesha kwa mbegu, usichimbe. Mbegu za miti nazo KEFRI, ile taasisi ya utafiti wa misitu pale Muguga, wanauza.

"Lazima nijue miti kwanza ndio nije"

Wacha. Kuja na viatu vya kufunika, shati la mikono mirefu ya kuzuia ile lantana, na maji yako. Glavu tunazo, ingawa pea nyingi zimebaki za mkono wa kushoto na hakuna mtu anajua za kulia zinaenda wapi. Tunaanza saa mbili asubuhi, saa nne na nusu tunakunywa chai na ndizi za shosho, na mvua ikiwa imenyesha usiku hatuahirishi, unavaa tu gambuti.