Pesa ya baba ilikufikisha Kanada, lakini haitakupa ukaazi

Wanafunzi wengi wanaoniandikia hushangaa kuona kiwango kimeshuka. Tangu Septemba 2025, anayeomba kibali cha masomo cha Kanada akiwa peke yake, nje ya jimbo la Quebec, anatakiwa aonyeshe dola za Kanada 22,895 za kujikimu kwa mwaka, mbali na ada ya chuo na nauli. Mtu huyohuyo akija kuomba ukaazi wa kudumu kupitia Express Entry, mfumo wa serikali wa kuchagua wahamiaji wenye ujuzi kwa alama, kiwango cha mtu mmoja kilichotangazwa Julai 2025 ni dola 15,263. Anapumua. Anajiambia, kama ile kubwa niliiweza, hii ndogo itanishindaje?

Inawashinda wengi, kwa sababu maswali yenyewe hayafanani. Kwenye kibali cha masomo, serikali inataka kujua nani atakulipia. Baba akiandika barua, akaambatanisha taarifa ya akaunti yake na hati za mshahara, mjomba naye akaongeza yake, inaeleweka. Kwenye ukaazi hakuna wa kukulipia. Kanuni inataka pesa iwe yako wewe mwombaji, uweze kuichukua na kuihamisha, na isiwe imeshikiliwa na deni wala dhamana. Mimi ni mshauri wa uhamiaji mwenye leseni ya Kanada, na mafaili ya wenzetu wa Afrika Mashariki yakikwama kwenye kipengele hiki, mara nyingi ni kwa sababu hiyo: mtu amejibu swali la zamani.

Kwanza, unahusika?

Express Entry ina programu tatu. Federal Skilled Worker (wenye uzoefu wa kazi ya ujuzi, hata wa nje ya Kanada) na Federal Skilled Trades (mafundi) zinadai ushahidi wa pesa. Canadian Experience Class (waliokwisha kufanya kazi Kanada) haidai. Ndiyo maana utamsikia mtu pale chuoni akiapa kwamba yeye hakuulizwa hata senti. Hasemi uongo, alipita mlango mwingine. Ila mlango huo, kwa aliye darasani, bado umefungwa: unataka saa 1,560 za kazi ya ujuzi ndani ya Kanada katika miaka mitatu ya karibuni, na saa ulizofanya ukiwa mwanafunzi wa muda wote hazihesabiwi hata moja. Zile saa 24 kwa wiki unazoruhusiwa kufanya nje ya chuo wakati wa muhula zitakulipia kodi ya chumba, basi.

Kwa hiyo anayebanwa na suala la pesa ni yule aliyekuja na uzoefu kutoka nyumbani. Muuguzi aliyefanya kazi Mwanza kabla hajaja kusoma, mhandisi wa Nairobi anayemalizia shahada ya uzamili, mhasibu wa Lubumbashi. Uzoefu wao wa nje unawaingiza Federal Skilled Worker hata kabla hawajahitimu. Wakongomani na Warundi wanaojua Kifaransa vizuri wanapaswa kuwa macho zaidi, kwa sababu kwenye droo za wazungumza Kifaransa, yaani awamu za kutoa mialiko, alama zinazotakiwa hushuka sana. Ya tarehe 21 Machi 2025 ilifika alama 379. Mtu anaalikwa akiwa bado na mitihani, siku 60 za kutuma ombi zinaanza kuhesabiwa, na pesa hajaianza.

Kuna msamaha mmoja hata ndani ya Federal Skilled Worker: uwe na ruhusa ya kufanya kazi Kanada na pia uwe na ofa halali ya kazi. Vyote viwili, kwa pamoja. Neno "halali" hapo lina uzito wake: ajira ya muda wote, ya ujuzi, ya angalau mwaka mmoja baada ya kupata ukaazi, na kwa kawaida yenye idhini ya LMIA nyuma yake, yaani tathmini ya serikali kwamba mwajiri anaruhusiwa kumwajiri mgeni. Barua ya meneja wa mgahawa unakoosha vyombo Jumamosi haimo.

Barua ya benki

Wizara ya uhamiaji ya Kanada haitaki tu picha ya salio kwenye simu. Inataka barua kutoka kila benki unakoweka pesa, kwenye karatasi yenye nembo ya benki, ikiwa na anwani, simu na barua pepe ya benki, jina lako, na madeni yako yote kwao, kuanzia mikopo hadi kadi ya mkopo. Kisha kwa kila akaunti: namba, tarehe ilipofunguliwa, salio la leo, na wastani wa salio kwa miezi sita iliyopita.

Huo wastani ndio unaoumbua watu. Tuseme uko na mke na mtoto mmoja, kiwango chenu ni dola 23,360. Miezi mitano akaunti ilikuwa na 9,000, na mwezi wa sita ukapata 15,000 za kiwanja ulichouza. Salio la leo linasoma 24,000, umevuka. Wastani unasoma kama 11,500. Ofisa hahitaji kuwa mpelelezi kuona kwamba kuna kitu kimeingia juzi. Hilo peke yake halikunyimi ukaazi, maana hakuna anayekukataza kuuza kiwanja chako. Linakudai maelezo: mkataba wa mauziano, ushahidi kwamba kiwanja kilikuwa chako, na muamala unaoonyesha pesa ya mnunuzi ikiingia kwenye akaunti yako. Pesa iliyolipwa mkononi kwa bulungutu mbele ya mwenyekiti wa mtaa, kisha ikapelekwa benki vipandevipande, ni kazi ngumu kuieleza. Ukiwa bado hujauza, mwambie mnunuzi apitishie benki.

Zingatia kwamba ni pesa ya mauzo inayohesabiwa. Kiwanja chenyewe, nyumba ya Kigamboni, hata iwe na hati miliki na ripoti ya mthamini, haihesabiwi.

Hapa Kanada nako barua ina vituko vyake. Ukienda tawini ukaomba "barua ya uhamiaji", mhudumu huchapa karatasi yenye jina na salio tu, kisha anakuambia mfumo wao hautoi wastani wa miezi sita. Nenda na orodha ya yanayotakiwa umeichapa, umpe. Akishindwa kabisa, chukua barua hiyohiyo, ambatanisha taarifa za akaunti za miezi sita kamili, na uandike maelezo mafupi kwamba benki haitoi wastani, ukionyesha hesabu yako mwenyewe. Nimeona hilo likipokelewa. Lisilopokelewa ni kuacha nafasi hiyo wazi: ombi lenye upungufu hurudishwa kama lisilokamilika, na ule mwaliko wako wa siku 60 unakuwa umekwisha.

Kwa benki za nyumbani, anza mapema kuliko unavyodhani. Matawi mengine hayatoi barua mpaka mwenye akaunti afike mwenyewe, na wewe uko Winnipeg kwenye theluji. Ulizia kama wanakubali hati ya uwakili, na kama wanataka ithibitishwe ubalozini.

Pesa zetu zilivyo

Hapa ndipo miongozo ya mtandaoni iliyoandikwa kwa ajili ya watu wengine inapotuacha.

Upatu, kikoba, chama. Ukipokea mzunguko wako, pesa imeingia kwako, lakini kama bado una mizunguko ya kuwalipa wenzako, sehemu ya hiyo pesa ni deni. Ukiwa umeshamaliza kuchangia, ni akiba yako. Katibu wa kikundi aandike barua yenye orodha ya michango na malipo, muiwekee sahihi. Barua hiyo inaeleza chanzo cha pesa tu. Pesa yenyewe lazima iwe benki.

SACCO inahitaji umakini zaidi, hasa kwa Wakenya. Ulichoweka upande wa BOSA, yaani amana za uanachama unazokopea, hakitoki mpaka ujitoe uanachama, na kama umemdhamini mwenzako mkopo, hakitoki mpaka naye alipe au apate mdhamini mwingine. Pesa hiyo ni yako kweli, lakini haichukuliki, na kanuni inataka inayochukulika. Ya upande wa FOSA, yaani akaunti ya kawaida ya kuweka na kutoa, unaweza kuitoa, hivyo inaweza kuombewa barua. Anayetaka kutumia ya BOSA aanze taratibu za kujitoa mapema, maana notisi huchukua muda. Mafao ya NSSF ambayo hayajalipwa, hayo usiyaweke hata kwenye fomu.

Salio la M-Pesa lihamishie benki, likae huko.

Zawadi kutoka kwa wazazi inaruhusiwa, na ndiyo njia halali ya baba kukusaidia. Tofauti na barua yake ya zamani ya "nitamlipia mwanangu" ni kwamba safari hii pesa inatoka kwake na kuwa yako. Barua ya zawadi ninayopenda kuiona inataja uhusiano, kiasi, tarehe, na inasema waziwazi kwamba hairudishwi. Inafuatana na taarifa ya akaunti yake inayoonyesha pesa ikitoka, na yako ikiingia. Kama na kwake iliingia wiki iliyopita kutoka kusikojulikana, umehamisha tatizo tu, kwa hiyo weka na karatasi za mauzo ya kahawa au kiinua mgongo chake. Akaunti yake yenye jina lake peke yake, hata awe tayari kukupa namba ya siri, si yako. Ya mwenza mnayeenda naye inaweza kuhesabiwa, mkiwa na akaunti ya pamoja au ukithibitisha kwamba unaweza kuichukua.

Mkopo hauhesabiwi, na mkopo wa mwanafunzi kutoka benki ya Kanada ni mkopo. Ile GIC uliyokuja nayo, yaani amana uliyoweka benki ya Kanada kwa ajili ya kibali cha masomo, hulipwa kidogokidogo ndani ya mwaka, na kufikia wakati unaomba ukaazi umeshaila. Pesa ya ada ya muhula ujao nayo usiihesabu. Itatoka Januari, na salio linatakiwa lisimame siku ya kuomba na siku ya kupewa ukaazi. Vilevile ada za ombi lenyewe: mtu analipa kwa kadi ya akaunti hiyohiyo, anajikuta ameshuka chini ya kiwango siku anayobonyeza kutuma. Kwa anayeweka shilingi, acha nafasi nzuri juu ya kiwango, maana hujui dola itaamkaje.

Mtoto aliyebaki kwa bibi

Idadi ya familia inawahesabu wewe, mwenza wako, watoto wenu wanaowategemea, wako na wa mwenza wako, hata kama hawaji Kanada. Mama na baba hawamo, hata kama ni wewe unayewatumia kila mwezi. Mtoto wa miaka minane anayelelewa na bibi Morogoro yumo. Kwa mwanafunzi asiye na mwenza, mtoto huyo anapandisha kiwango kutoka 15,263 hadi 19,001, na ndiyo maana wengine hushawishika kumuacha nje ya fomu. Usithubutu. Mtoto asiyetajwa leo anaweza kukosa haki ya kudhaminiwa na wewe baadaye, mbali na kwamba kuficha ni udanganyifu. Udanganyifu, chini ya kifungu cha 40 cha sheria ya uhamiaji, ni miaka mitano ya kutoruhusiwa kuingia Kanada.

Kifungu hichohicho ndicho kinachowangoja wanaokodi salio. Wapo wanaojiita mawakala wanaokuwekea pesa wiki mbili, barua ikitoka wanachukua pesa yao na riba. Wengine huchapa barua nzima ya benki. Simu na barua pepe ya benki kwenye ile barua haziko pale kama pambo, ofisa anaweza kuzitumia.

Mkataba wa mauziano ulioandikwa kwa Kiswahili na kugongwa muhuri wa serikali ya mtaa lazima uende na tafsiri ya Kiingereza au Kifaransa pamoja na nakala ya Kiswahili. Mfasiri asiwe wewe wala ndugu yako, hata kama dada ni mkalimani wa mahakama. Asipokuwa na ithibati ya Kanada, aape hati ya kiapo.

Ukialikwa kupitia Canadian Experience Class, mfumo bado utakuonyesha nafasi ya ushahidi wa pesa. Usiiache tupu wala usipakie taarifa za akaunti zenye dola 800. Pakia barua ya aya moja inayosema umealikwa chini ya programu hiyo, hivyo huhusiki na sharti la pesa.

Waliotuma kupitia Federal Skilled Worker, pesa ikae. Ofisa anaweza kuomba barua mpya miezi kadhaa baadaye, na viwango hubadilishwa kila mwaka, kwa hiyo angalia tovuti ya wizara kabla ya kila hatua. Simu ya mchango wa harusi ya binamu itakuja, inakuja tu. Toa kwenye mshahara wa mwezi, hii nyingine usiiguse.