Nyumba Nafuu katika Bonde la Rufiji: Fedha Ianzie Msingini

Baada ya mafuriko ya Aprili 2024 katika wilaya za Rufiji na Kibiti, wananchi wengi wanauliza kama mwenye kipato kidogo anaweza kujenga nyumba itakayohimili maji. Anaweza, ilimradi sehemu kubwa ya fedha yake iende chini ya usawa wa dirisha, mahali ambapo mara nyingi tunabana matumizi ili tupate mabati na milango mizuri.

Kiwanja hutangulia yote. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na hakuna ufundi unaoweza kufidia ukiukaji wa mpaka huo. Hata hivyo, bonde la Rufiji ni pana, na maji hufika mbali zaidi ya mita hizo. Operesheni Rufiji ya mwishoni mwa miaka ya 1960 iliwahamishia watu sehemu za mwinuko, lakini mashamba yenye rutuba yalibaki bondeni, hivyo wakulima wakaendelea kurudi kila msimu na kukaa katika madungu, yaani vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo. Naamini sisi wataalamu tumechelewa kulitazama dungu kama somo la usanifu, kwa kuwa linayaacha maji yapite chini na watu wakae salama juu.

Ukuta wa udongo hauangushwi na nguvu ya mkondo peke yake. Maji yakituama kwa saa kadhaa, udongo wa chini hulowa na kulainika, kisha ukuta huporomoka kwa uzito wake wenyewe. Ukuta wa tofali nao una hatari yake: maji yenye kina cha mita 1 upande mmoja tu husukuma kila mita ya urefu wa ukuta kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 500, mzigo ambao ukuta mwembamba usio na nguzo haukukusudiwa kuubeba. Ndiyo maana, pale ambapo mafuriko yanaweza kuzidi usawa wa sakafu, tunashauri kuacha matundu chini ya kuta ili maji yaingie na kutoka taratibu, kuliko kuziba kila upenyo na kuhatarisha nyumba nzima.

Kabla ya kuchimba msingi, waulizeni wazee wa kijiji maji yalifika wapi katika mafuriko makubwa wanayoyakumbuka, mtafute na alama zilizobaki kwenye miti na majengo, kisha sakafu iwe angalau sentimita 30 juu ya kiwango hicho. Kuinua nyumba ya mita 6 kwa 8 kwa sentimita 60 kunahitaji karibu mita za ujazo 29 za kifusi kilichoshindiliwa, kazi ambayo majirani wanaweza kuifanya kwa zamu, wakishindilia kila tabaka la sentimita 15 na kupanda nyasi kwenye kingo ili zisimomonyoke. Kimo cha kuinua sakafu kikizidi mita moja, kifusi huanza kuwa ghali, na hapo nyumba ya nguzo, kwa mtindo wa dungu, huwa nafuu zaidi.

Kwa kuta za chini, udongo wa kijijini unafaa ukiimarishwa. Wenye mchanga mwingi huchanganywa na saruji, na wa mfinyanzi huchanganywa na chokaa. Nchini Pakistan, msanifu majengo Yasmeen Lari ametumia udongo, chokaa na mianzi kuwajengea makazi waathirika wa mafuriko, bila kutegemea saruji wala tofali za kuchoma, ambazo kwetu zinamaliza kuni. Kulijaribu tofali la udongo ulioimarishwa ni rahisi: likishakomaa lilazwe ndani ya ndoo ya maji usiku kucha, na likimeguka asubuhi, msilijengee.

Choo kinasahauliwa mno, ilhali shimo likifunikwa na mafuriko hueneza kinyesi hadi kwenye visima, na kipindupindu hufuata. Sakafu ya choo iinuliwe sawa na ya nyumba, sehemu ya juu ya shimo ijengewe ukuta usiopitisha maji, na shimo liwe mbali na kisima, upande ambao maji yanaelekea baada ya kukipita.