Mwenye Pesa Ndiye Mwenye Timu? Yanayosemwa Vijiweni Kuhusu Uendeshaji wa Soka

Dirisha la usajili likifunguliwa, kila kijiwe Tanzania hupata mwanasheria wake, mhasibu wake na msemaji wake wa FIFA. Si vibaya, mpira ni wa watu. Kasoro ni kwamba mengi yanayotamkwa kwa sauti ya uhakika hayapatani na kanuni zinazouendesha mchezo wenyewe, na wapo viongozi wa klabu wanaoyaamini vilevile. Nimechagua machache, yale yanayotugharimu zaidi.

"Tajiri akija, shida zimekwisha"

Desemba 2017 Mohamed Dewji alitangazwa mshindi wa zabuni ya uwekezaji Simba kwa shilingi bilioni 20. Tangu siku ile mtaani ikawa "Mo kainunua Simba". Hakuinunua. Serikali ilikwishaweka sharti kwamba klabu iliyoanzishwa na wanachama ibaki mikononi mwao kwa asilimia 51, na upande wa uwekezaji usivuke 49. Kwa hesabu ya hisa, mwenye neno la mwisho ni yule mwenye kadi wa tawi la Mbagala au Tandika, ilimradi ahudhurie mkutano mkuu na asome hesabu anazowekewa mezani. Wengi wetu tunahudhuria. Kusoma hesabu ni jambo jingine.

Wapo wanaodhani mfumo huu wa wanachama ni ushamba wa Kariakoo, kwamba wenzetu waliutupa zamani. Ujerumani wanao hadi leo: tangu 1998 kanuni yao ya 50+1 inataka wanachama wabaki na kura nyingi, na Bayer Leverkusen na Wolfsburg zikapewa ruhusa ya pekee kwa sababu kampuni zilizokuwa nyuma yao zilikuwa nazo kwa miaka mingi. Real Madrid na Barcelona ni za wanachama. Lakini nisieleweke kwamba kadi ya uanachama ni dawa. Barcelona ni hiyohiyo iliyojilimbikizia mishahara hadi Agosti 2021 ikashindwa kumsajili upya Messi, maana hesabu zake hazikuingia ndani ya ukomo wa matumizi uliowekwa na La Liga, ligi kuu ya Hispania.

Na tajiri naye? Bury, klabu ya Uingereza iliyoanzishwa 1885, iliuzwa Desemba 2018 kwa pauni 1 kwa mfanyabiashara aliyeahidi kuiokoa. Agosti 2019 ilifukuzwa kwenye ligi kwa sababu mmiliki hakuweza kuonyesha fedha za kuiendesha. Huku kwetu, Azam FC ina kila kitu ambacho shabiki wa Simba na Yanga hukililia: familia yenye uwezo nyuma yake, uwanja wake Chamazi, kituo cha kulea vijana. Hadi mwisho wa msimu wa 2024/25 ilikuwa na taji moja la ligi, la 2013/14, ilipomaliza bila kufungwa. (Wale wanaosema televisheni ya kampuni ndugu "inaibeba" Azam watuambie: kama huko ni kubebwa, kudondoshwa kungekuwaje?)

Tangu Mtibwa Sugar ya Turiani ibebe ubingwa 1999 na 2000, ni Azam peke yake iliyowahi kuuchomoa mikononi mwa wakongwe wawili. Kinachowabakiza juu Simba na Yanga si tajiri aliyepo leo. Ni mashabiki ambao mdhamini yeyote anataka kuwafikia, na hao hawakupatikana kwa zabuni. Tajiri akiondoka kesho, swali ni kama klabu ina mapato yanayolipa mishahara ya mwezi ujao. Klabu nyingi za Ligi Kuu zitajikuna kichwa mbele ya swali hilo.

"Uwanja ukijaa, klabu imetajirika"

Uwanja wa Benjamin Mkapa unachukua watu 60,000. Shabiki anazidisha idadi hiyo kwa bei ya tiketi, anapata jibu linalomfurahisha, halafu wachezaji wakidai mishahara anauliza pesa imeliwa na nani. Hesabu yake imesahau kwamba kabla klabu haijagusa kitu hutoka asilimia 18 ya kodi ya ongezeko la thamani, gharama za uwanja, na mafungu ya wasimamizi wa mchezo. Tena uwanja hujaa siku chache kwa mwaka. Mechi ya Jumatano jioni dhidi ya timu ya mkiani haijazi hata jukwaa la mzunguko.

Halafu uwanja si wa klabu. Machi 2025 CAF, shirikisho la soka la Afrika, iliufunga Mkapa kwa sababu ya hali ya nyasi. Simba ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho dhidi ya RS Berkane, na mchezo wa marudiano ulipofika Mei ikalazimika kuucheza Amaan, Zanzibar, uwanja mdogo mara kadhaa. Ilitoka sare ya 1-1 baada ya kulala 2-0 Morocco. Mtu anaweza kubishana kama kelele za Temeke zingebadilisha matokeo. Hesabu ya mlangoni haina ubishi. Mikoani ndiyo hadithi ileile: Kirumba, Sokoine na Majimaji ni mali ya CCM, na timu zinazovitumia ni wapangaji. Mpangaji hajengi vibanda vya biashara wala hauzi jina la jukwaa.

Fedha nzito ya ligi sasa iko kwenye matangazo. Mwaka 2021 TFF, shirikisho la soka la Tanzania, na Azam Media walisaini mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Hapo ndipo mjadala ulipaswa kuhamia: pesa hiyo igawanywe vipi? Watu wengi wanaamini Ulaya kila klabu inakula kwa urefu wa kamba yake. Uingereza, nusu ya fedha za matangazo ya ndani hugawanywa sawa kwa klabu zote 20, robo kwa nafasi kwenye msimamo, robo kwa idadi ya mechi zilizoonyeshwa mubashara. Hispania ndiyo ilikuwa ya kila mtu na chake, Real Madrid na Barcelona wakijiuzia wenyewe, hadi serikali ilipotunga sheria Aprili 2015 kulazimisha mauzo ya pamoja. Na Marekani, nchi ambayo hakuna anayeituhumu ujamaa, ligi ya NFL ya mpira wa Kimarekani hugawa fedha za televisheni ya taifa sawasawa kwa timu zote, kwa sababu ligi yenye mshindi anayejulikana Agosti haiuziki.

"Wageni wanaua Taifa Stars"

Hili nitalipita haraka, kwa kuwa historia yenyewe inalijibu. Taifa Stars ilicheza AFCON, yaani Kombe la Mataifa ya Afrika, ya 1980, kisha ikakaa miaka 39 bila kurudi. Sehemu kubwa ya miaka hiyo klabu zetu zilikuwa na wageni wachache au hazikuwa nao kabisa. Kikomo cha wageni kwa klabu kilipopanda hadi wachezaji 10, kisha 12, timu ikafuzu fainali za 2019, 2023 na 2025. Sisemi wageni ndio waliotufikisha huko. Tangu 2019 mashindano yenyewe yamepanuliwa kutoka timu 16 hadi 24, na hilo lilitufungulia mlango. Ila anayesema wageni wanatuzuia ana kazi ya kueleza ile miaka 39.

Hoja yenye uzito kidogo ni ya makipa na washambuliaji wa kati, nafasi ambazo klabu kubwa hupenda kuzijaza kwa wageni. Hiyo inazungumzika.

"Mchezaji akirudisha hela ya mkataba, yuko huru"

Desemba 2022 Feisal Salum, Fei Toto, mchezaji wa Yanga, aliingiza shilingi milioni 112 kwenye akaunti ya Yanga na kuwaaga mashabiki. Nchi ikagawanyika. Waliosimama naye walikuwa na hoja moja: mkataba unataja kiasi cha kuuvunja, kalipa, aachwe. Kamati ya TFF ya sheria na hadhi za wachezaji ikaamua kwamba bado ni mchezaji wa Yanga. Alikaa nje ya uwanja miezi kadhaa. Juni 2023 Rais Samia aliwaomba Yanga, walipokuwa wageni wake Ikulu, walimalize jambo hilo, na mwezi huohuo wakamuuza Azam.

Nadhani dhana hii tuliipata kwa Neymar. Agosti 2017 zililipwa euro milioni 222, akaondoka Barcelona kwenda Paris wakati klabu yake haitaki. Tukaona ndivyo mpira ulivyo. Lakini ile ilikuwa sheria ya Hispania, ambako amri ya 1985 inampa mwanamichezo haki ya kuondoka akilipa kiasi kilichowekwa. Penginepo kifungu cha namna hiyo kina nguvu ya maneno yaliyoandikwa humo tu: nani anaweza kukitumia, kwa notisi ipi, katika dirisha gani.

Kanuni za FIFA kwa upande wake zinataka mkataba uheshimiwe hadi mwisho. Mwenye kuuvunja bila sababu ya haki hulipa fidia, na akiuvunja ndani ya kipindi cha ulinzi, yaani miaka mitatu au misimu mitatu ya kwanza kwa aliyesaini kabla ya kutimiza miaka 28, anaweza kufungiwa miezi minne. Kwa aliyesaini akiwa na 28 au zaidi, kipindi hicho ni miwili. Oktoba 2024 mahakama ya Umoja wa Ulaya ilizigonga baadhi ya kanuni hizo katika kesi ya Lassana Diarra, na FIFA ikaanza kuzirekebisha. Hata hivyo msingi umebaki.

Upande wa pili haujulikani sana, na huo ndio ungewafaa wachezaji wetu. Klabu isipolipa mishahara miwili ya mwezi, mchezaji anaweza kuiandikia ilani ya siku 15. Siku zikipita bila malipo, ana sababu ya haki ya kuvunja mkataba na kudai fidia. Wangapi Ligi Kuu wamekaa miezi minne bila senti, wakinyamaza kwa kuogopa kuitwa wasaliti? Wakala mzuri anapaswa kuandika barua hiyo kabla ya kupiga simu redioni.

"Waziri aivunje TFF tuanze upya"

Kila timu ya taifa ikifungwa, wazo hili hurudi. Kenya walilijaribu. Novemba 2021 Waziri Amina Mohamed alivunja uongozi wa FKF, shirikisho la soka la nchi hiyo, na kuteua kamati ya muda. Februari 2022 FIFA ikaifungia Kenya. Harambee Starlets hawakucheza na Uganda kuwania kufuzu AFCON ya wanawake, Harambee Stars wakaondolewa kwenye safari ya AFCON ya 2023, na klabu zikakosa mashindano ya CAF. Kifungo kiliondolewa mwishoni mwa Novemba 2022, baada ya serikali mpya kukubali kurudisha uongozi uleule uliokuwa umevunjwa. Walioumia ni wachezaji, ambao hawakuwa na kura popote.

Wengine wakisikia hayo huruka upande wa pili: basi viongozi wa soka hawagusiki. Si kweli. Juni 2017 aliyekuwa rais wa TFF wakati huo alikamatwa na kufikishwa Mahakama ya Kisutu, na FIFA haikutufungia. Agosti mwaka huohuo uchaguzi ukafanyika Dodoma. Tofauti ni kumshitaki mtu kwa kosa la jinai, jambo ambalo dola inaruhusiwa, na kuipindua taasisi kwa tangazo la wizara.

"Kijana akiuzwa Ulaya, timu ya mtaani haipati kitu"

Hapa ndipo tunapoteza fedha halali kila mwaka. Mchezaji anapouzwa kutoka nchi moja hadi nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada hukatwa na kugawanywa kwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Kila msimu wa umri wa 12 hadi 15 una asilimia 0.25 ya ada yote, na kila msimu wa 16 hadi 23 una 0.5. Chukua kijana aliyekaa klabu moja ya Tandale tangu ana miaka 12 hadi 17, halafu miaka mingi baadaye auzwe kwa euro milioni 1. Klabu ile inadai euro 20,000, zaidi ya shilingi milioni 50. Na kila akiuzwa tena, inadai tena.

Samatta alipotoka Genk kwenda Aston Villa Januari 2020, vijiweni iliulizwa Simba itapata ngapi. Alikuwa Simba muda mfupi. Kwa mpangilio wa umri, karibu nusu ya mgao inaangukia TP Mazembe ya Lubumbashi, aliyoichezea tangu akiwa na miaka 18 hadi 23.

Masharti ndiyo yanayotukwaza. Klabu iwe mwanachama wa chama cha soka kinachotambuliwa, na kijana awe amesajiliwa kwa tarehe zinazoonekana. Chandimu haihesabiki, hata kama ndiko alikojifunza kila kitu. Kituo cha vijana kisicho na usajili hakihesabiki. Na kijana aliyepunguziwa umri miaka minne ili acheze mashindano ya shule amejifutia mwenyewe misimu ya malezi, kwa kuwa hesabu huanza na tarehe ya kuzaliwa.

Tangu Novemba 2022 malipo haya hupitia taasisi ya FIFA iliyopo Paris. Mchezaji akihama, mfumo unatengeneza pasipoti yake ya kielektroniki kutokana na kumbukumbu za vyama vya nchi alizopitia, kisha unaiweka wazi siku 10 ili vyama vikague. Jina la klabu likikosekana, katibu wake ana siku hizo kuhakikisha TFF inalipeleka, akiwa na fomu za usajili za miaka ile mkononi.