Kidole Kinapopwita: Seli Nyeupe Hupitaje Ukuta wa Mshipa?

Swali: Nauza samaki sokoni Busia, upande wa Uganda. Juzi mwiba wa ngege ulinichoma kidole. Sasa kimevimba, kina joto, kinapwita. Damu imechafuka?

Jibu: Pole sana, dada. Damu haijachafuka. Mishipa midogo imepanuka, damu nyingi inapita, na kuta zake zinavujisha maji. Hapo pia seli nyeupe, askari wa damu wanaopambana na vijidudu, hutoka kwenda kwenye jeraha. Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo pima joto kwa kulinganisha na kidole cha jirani.

Swali: Seli nyeupe zinajuaje pa kutokea?

Jibu: Ukuta wa mshipa ndio unaoziita. Wengi hudhani mshipa ni bomba tu, kumbe ndani umetandikwa safu ya seli hai. Zikipata habari ya vijidudu, seli hizo huchomoza protini ziitwazo selektini. Seli nyeupe iliyokuwa ikienda mbio na mkondo hunaswa, huachia, hunaswa tena, ikibingirika polepole. Hapo hukutana na kemikali zilizoganda ukutani, na protini zake yenyewe, integrini, hushika barabara. Inasimama. Kisha inatambaa, inatafuta mwanya, inajibana na kupenya hadi kwenye nyama. Mwaka 1867 mwanasayansi Mjerumani Julius Cohnheim alieleza jinsi seli nyeupe zinavyopenya ukuta, baada ya kuzitazama kwa darubini kwenye utando wa matumbo ya chura.

Kuna watoto wachache sana wanaozaliwa na kasoro katika integrini hizo. Kitovu chao huchelewa kukatika, na vidonda vyao havitungi usaha, ilhali damu imejaa seli nyeupe zisizoweza kutoka.

Swali: Kwani usaha ni nini?

Jibu: Hasa ni seli nyeupe zilizokufa kazini, pamoja na bakteria.

Swali: Jirani ananiambia ninunue prednisoloni, uvimbe utashuka.

Jibu: Utashuka kweli, na hilo ndilo linalonitia hofu. Dawa hiyo hupunguza kushikamana kwa seli nyeupe na ukuta. Zinabaki zikizunguka kwenye damu huku bakteria wakiendelea kula kidole. Ina kazi yake, ila kwa maagizo ya daktari. Osha jeraha kwa maji safi na sabuni. Ukiona michirizi inapanda mkono, homa, au kidole hakikunjiki, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo. Ulizia pia chanjo ya pepopunda, hata kama uvimbe umeanza kupungua.