Kwa nini Krishna hakukubali hoja nzuri za Arjuna?

Je, wajua kwamba Bhagavad Gita, kitabu cha Wahindu chenye beti 700 hivi, kinaanza na shujaa anayegoma kupigana?

Arjuna, mpiga upinde hodari, amefika uwanja wa Kurukshetra kupambana na binamu zake waliomnyang'anya yeye na kaka zake ufalme. Anamwomba Krishna, mungu aliye mwendesha gari lake la farasi, alisogeze katikati ya majeshi mawili. Ng'ambo anamwona babu yake Bhishma, na Drona aliyemfundisha kutumia silaha. Kinywa kinamkauka, ngozi inamwaka moto, upinde unamponyoka. Anaanza kutoa hoja: kuua jamaa ni dhambi, ukoo utavurugika, heri kuombaomba chakula kuliko kutawala kwa damu ya walimu wake.

Maneno ya mcha Mungu kabisa! Ila Arjuna huyuhuyu alishaua wengi vitani bila kutetemeka. Leo tofauti ni moja tu: watakaokufa ni wa kwake.

Vinoba Bhave, mfuasi wa Gandhi, aliwafafanulia wafungwa wenzake jambo hili mwaka 1932 katika gereza la Dhule, India. Aliwasimulia kisa cha hakimu aliyezoea kuhukumu watu kunyongwa. Siku mwanawe alipopandishwa kizimbani kwa mauaji, hakimu akaanza kusema adhabu ya kifo ni unyama. Pengine ni unyama kweli, nami naelekea kuamini hivyo. Lakini siku ile aliyekuwa akisema ni baba mtu.

Katika sura ya pili Krishna anamwonyesha Arjuna akili inavyopotea. Kitu ukikiwaza mno, moyo unanasa. Hapo huja tamaa, tamaa inazaa hasira, hasira inampumbaza mtu hadi asahau aliyoyajua, na uwezo wa kupambanua mema na mabaya unakufa. Gita haimwambii Arjuna awachukie jamaa zake wala akimbilie msituni. Inamwambia atimize wajibu wake bila kung'ang'ania matunda yake.

Wajibu upi, hapo ndipo wasomaji walipoachana. Tilak, mpigania uhuru wa India aliyeandika ufafanuzi wake akiwa jela Mandalay, Burma, aliona Gita inamtaka mtu aingie katika harakati za dunia; Gandhi aliona vita yenyewe iko moyoni. Krishna naye, katika sura ya 18, anamwambia Arjuna ayatafakari yote, kisha afanye apendavyo.