Mama mkwe anadai mjukuu, maharusi wanasema bado: hofu ya "kuchoma kizazi" inatoka wapi

Harusi ikishapita miezi mitatu, maswali yanaanza. Wifi anatazama tumbo, shangazi anauliza kama kuna habari njema, mama mkwe anasema anataka kumbeba mjukuu angali na nguvu. Maharusi wenyewe wanataka kumaliza chuo, kulipa deni la ukumbi, au kuzoeana tu kwanza. Ninatoa huduma ya uzazi wa mpango, na nikiwasikiliza wote nakuta ugomvi umesimama juu ya hofu moja: kwamba mwanamke anayetumia dawa kabla ya kuzaa anachoma kizazi.

Vijana huicheka hofu hiyo. Wanakosea, kwa sababu ina chembe ya kweli, na chembe yenyewe ni sindano.

Sindano ya miezi mitatu huingia mwilini ikiwa ghala la dawa linalotoka polepole. Mwanamke akiacha, dawa haiishi siku tarehe yake inapopita. Kwa wastani hushika mimba miezi kumi hivi baada ya sindano ya mwisho, na wapo wanaofika mwaka au zaidi. Hedhi nayo huweza kupotea kwa miezi kadhaa. Sasa chukua bibi harusi aliyechoma sindano mwaka mzima kwa siri, akaacha, kisha akakaa mwaka mwingine bila mimba. Mama mkwe akija kujua, nani atamshawishi kwamba hakuna kilichoharibika? Kweli hakijaharibika, uzazi hurudi. Lakini kwa wanaotaka kuahirisha mwaka mmoja au miwili tu, sindano ni chaguo baya, na muuguzi anayewachoma bila kuwaambia hivyo hajawatendea haki.

Njia nyingine hazina ucheleweshaji huo. Kijiti cha Implanon NXT hukaa miaka 3, vijiti viwili vya Jadelle miaka 5, na vikitolewa uwezo wa kushika mimba hurudi ndani ya wiki chache. Anayemeza rifampicin kwa ajili ya kifua kikuu, au ARV zenye efavirenz, amwambie muuguzi kabla ya kuwekewa, kwani dawa hizo hupunguza nguvu ya kijiti. Kitanzi cha shaba hakina homoni, na hata ambaye hajazaa anaweza kuwekewa. Kwake maumivu ya kuweka huwa makali kidogo na kitanzi kina uwezekano mkubwa zaidi wa kutoka chenyewe. Vidonge vya majira hufaa kwa mtu mwenye utaratibu. Kosa lenye hatari kubwa ya mimba ni kuchelewa kuanza pakiti mpya, kwa kuwa ovari hupata nafasi ya kuamka baada ya zile siku saba za mwisho wa pakiti zisizo na homoni.

P2, kidonge cha dharura kinachomezwa baada ya tendo, isiwe njia ya kila mwezi. Hufanya kazi kwa kuchelewesha yai kutoka, hivyo hufaa zaidi ikimezwa mapema, ndani ya saa 72. Haikulindi kwa tendo la kesho wala la wiki ijayo. Anayeitegemea huishia na hedhi isiyotabirika na mimba asiyoitarajia.

Kinachoziba mirija ya uzazi ni kisonono na klamidia zisizotibiwa. Mwanamke anaweza kuishi nazo miaka bila dalili. Anaolewa akiwa tayari na madhara, anatumia vidonge miaka miwili, akiacha mimba haiji, na lawama yote inaangukia vidonge. Ndiyo maana nasisitiza wote wawili wapimwe kabla ya kuanza kusubiri, hasa kama wanataka kitanzi, kwani maambukizi yaliyopo shingo ya kizazi huweza kupandishwa ndani wakati wa kukiweka.

Kuhusu umri, wazee wana hoja. Bibi harusi wa miaka 24 anaweza kusubiri mitatu bila wasiwasi mkubwa. Wa miaka 34 nafasi yake ni finyu, na kumpa jibu lile lile ni kumdanganya.

Tukumbuke pia walikotoka. Takwimu za kitaifa za Tanzania za mwaka 1999 zilionyesha watoto 147 kati ya kila 1,000 wakifa kabla ya kutimiza miaka mitano. Mwaka 2022 walikuwa 43. Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1970, mwanamke alizaa kwa wastani watoto 8, na mwaka 2022 wastani ulikuwa 3.4. Aliyelea katika nyakati hizo alikuwa na sababu nzuri ya kuanza mapema. Kwa mkulima au mchuuzi asiye na pensheni, mtoto ndiye aliyekuwa akiba ya uzeeni.

Kwa hiyo msiwajibu "Mungu hajajalia" wakati kijiti kiko mkononi. Uongo huo huonekana wa adabu, lakini mzigo wake humwangukia mke. Mama anaanza kutafuta mitishamba, ndugu wanamwita mgumba, na siku si nyingi mume anashauriwa kuoa mwingine. Aseme mume, kwa mama yake mwenyewe, au amtume shangazi anayesikilizwa: "Mama, tumekubaliana wote wawili, tutaanza kutafuta mtoto baada ya miaka miwili." Muda utajwe. Njia mnayotumia haimhusu mtu. Na walioamua kutozaa kabisa waseme hivyo pia mapema, kwa sababu ahadi ya "mwakani" ikirudiwa mara tano huumiza kuliko jibu lenyewe.

Muda ukikaribia, mke aanze foliki asidi mikrogramu 400 kila siku, walau mwezi mmoja kabla ya kuacha njia, miezi mitatu ni bora. Wapime VVU, kaswende, presha, sukari, na selimundu: wote wawili wakiwa wabebaji, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto mwenye ugonjwa.

Mkijaribu miezi 12 bila mimba, au 6 kama mke amefikisha 35, nendeni hospitali pamoja. Aliyetoka kwenye sindano ahesabu na ule ucheleweshaji wake. Familia nyingi humtuma mke peke yake, apigwe picha ya mirija, ameze dawa mwaka mzima, na mume hajaguswa. Mimi naanza na mume, kwa kuwa kipimo chake ni rahisi na hakiumi. Akae siku 2 hadi 7 bila kutoa mbegu, akusanye zote bila kumwaga, kwa sababu sehemu ya kwanza ndiyo yenye mbegu nyingi, na azifikishe maabara ndani ya saa moja, chupa ikiwa mfuko wa ndani karibu na mwili isipate baridi. Jibu likiwa baya, kipimo kirudiwe. Akitibiwa, asubiri miezi mitatu kabla ya kupima tena, maana mbegu mpya huchukua siku zaidi ya 70 kutengenezwa.